Biblia ya Mama na fundi aliyekataa kuifanya mpya

Nianze na hukumu kwa faida ya wenye haraka. Kazi ni nzuri, ilichelewa, ina kasoro ndogo ndogo na moja kubwa ambayo fundi mwenyewe alituonya mapema. Kama ningekuwa na kitabu kingine cha aina hii ningempelekea yeye yule.

Ninayemzungumzia ni fundi wa kujalidi vitabu tuliyempa Biblia ya marehemu mama yetu. Jina lake sitalitaja, aliniomba hivyo. Ana kazi nyingi kuliko mikono. Lakini huduma yenyewe, yaani kukifungua kitabu kilichochakaa, kukishona upya kwa uzi na kukirudishia jalada lake, si yeye peke yake anayeitoa, na aliyeachiwa kitabu na mzazi atafaidika akijua cha kuuliza kabla hajakitoa mkononi.

Kitabu chenyewe ni Biblia ya Kiswahili, Union Version, tafsiri iliyotoka mwaka 1952 na ambayo wazee wengi wakinukuu kwa kichwa ndiyo wanayonukuu, hata kama iliyo mezani kwao ni nyingine. Ya Mama ni chapa ya baadaye, saizi ya kati, jalada jeusi lisilo ngozi halisi. Tulipoikabidhi, mgongo ulikuwa umeachia upande mmoja, mafungu mawili ya Zaburi, yaani karatasi zilizokunjwa na kushonwa pamoja, yametoka kabisa na yanasukumwa ndani kwa kidole, na selotepu aliyoibandika Mama mwenyewe miaka na miaka imegeuka rangi ya kahawia na kuanza kutoa ute. Ufunuo ulikuwa unaishia sura ya 19. Kurasa za mwisho zilipotea zamani, hakuna ajuaye lini. Jirani mmoja aliwahi kuiazima akamrudishia akilalamika kwamba mwisho haupo, Mama akamjibu, "Mwisho naujua."

Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na Biblia aliisoma akiwa na kalamu nyekundu. Hakupigia mstari maneno matamu. Alikuwa na utaratibu wake: akiomba jambo kwa kushikilia mstari fulani, aliandika pembezoni herufi ya kwanza ya jina la mtu, na tarehe. Jambo likitimia, hata baada ya miaka mingi, alirudi pale pale akaweka alama ya vema. Lisipotimia hakuweka alama ya kosa, aliacha wazi. Yaani alizisahihisha ahadi za Mungu kama alivyosahihisha madaftari ya watoto. Dada yangu aliwahi kumwuliza kama huko si kumkosea Mungu adabu. Mama alisema anayesahihishwa hapo si Mungu bali ni yeye, aone kama swali aliliuliza vizuri. Mpaka leo sijaamua kama jibu lile lilikuwa la unyenyekevu au la ujanja wa kiualimu.

Naeleza haya yote kwenye tathmini ya fundi kwa sababu moja. Alama hizo zilikuwa zinafika mpaka ukingoni mwa karatasi. Miaka ya mwisho mkono ulipoanza kutetemeka, tarehe nyingine zilikuwa zinateleza mpaka tarakimu ya mwisho inakaa ukingoni kabisa, nusu yake haipo. Na ukingo ndio kitu cha kwanza ambacho huduma nyingi za kujalidi hukitoa kafara.

Duka la kwanza tulilokwenda ni la uchapaji zaidi kuliko la kujalidi. Kijana wa mapokezi alikuwa mpole na alitupa bei papo hapo bila hata kukifungua kitabu. Hilo lilinitia shaka. Nikamwomba anieleze hatua kwa hatua watakachofanya. Wanang'oa mgongo wote. Wanakata upande wa ndani, pale karatasi zilipokunjwa, ili kila karatasi ibaki peke yake. Wanapaka gundi ya moto, wanavisha jalada jipya, kisha wanapitisha kitabu kwenye mashine ya kukatia karatasi ili zile pande tatu nyingine zinyooke. Inachukua milimita mbili au tatu kila upande. Nikafungua Zaburi nikamwonyesha maandishi ya Mama. Akatazama, akasema kwa nia njema kabisa, "Zitakatika kidogo tu, kaka."

Hicho "kidogo tu" ndicho kilichokuwa na tarehe. Tukachukua kitabu chetu.

Simlaumu kijana. Kwa ripoti ya ofisini au tasnifu njia ile inatosha, na kingo zilizonyooka zinapendeza. Tatizo ni kwamba karatasi ya Biblia si karatasi ya ofisini. Karatasi tunayochapia barua huwa na gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Ya Biblia mara nyingi haifiki hata gramu 40, ndiyo maana vitabu 66 vinaingia katikati ya jalada moja unaloweza kulibeba kwapani. Zaidi ya kurasa elfu moja nyembamba hivyo zikishikwa na gundi peke yake, kisha zikafunguliwa kila alfajiri, mgongo hupasuka katikati, na ukipasuka kurasa huanza kutoka moja moja. Kitabu kilichoshonwa kwa mafungu, uzi ukipita kwenye mkunjo, hulala wazi mezani bila kushikiliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi yeyote ni hili: unashona au unagandisha? La pili: utakata kingo?

Fundi tuliyempata baadaye ni mzee, ana karakana ndogo na msichana mmoja anayemfundisha kazi. Alikishika kitabu muda mrefu kabla ya kutaja chochote. Alikifungua kwa kukiegemeza kwenye mito miwili ya kitambaa, upande huu na upande ule, kisigawanyike zaidi. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: "Nani atakisoma?"

Tulikuwa watatu na tulitoa majibu matatu. Kaka yetu mkubwa alitaka kiwekwe ndani ya kioo sebuleni kwake, na jina la Mama kwa herufi za dhahabu. Dada alitaka binti yake akitumie. Mimi nilisema sijui. Mzee akasema, "Basi kajadilianeni, wanangu, kwa sababu kazi ni mbili tofauti." Kitabu cha kutunzwa, alieleza, hakihitaji uzi wala gundi, kinahitaji boksi la kadibodi isiyo na tindikali, lililokatwa kwa vipimo vyake, basi. Kitabu cha kusomwa ndicho kinachohitaji kufunguliwa na kushonwa. Akaongeza kwamba boksi lingetugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kushona. Fundi anayekushauri ununue kazi iliyo ndogo zaidi, mimi humsikiliza.

Dada alishinda mjadala ule, na nafikiri alistahili. Mama hakuwa mtu wa vitu vya kuwekwa kwenye kioo.

Sharti la mzee lilikuwa tupige picha kila ukurasa kabla ya kumwachia. Si kwamba hajiamini, alisema, ila kitabu kikishafunguliwa hakuna mtu anayeweza kukumbuka kila kitu kilivyokuwa, na moto au maji haviulizi hodi. Hatukutumia skana, kwa sababu kukikandamiza kitabu kwenye kioo kunaumaliza mgongo. Simu nzuri inatosha: piga karibu na dirisha, jua lisigonge karatasi moja kwa moja, zima flashi, na weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga, vinginevyo maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Ni kazi ya kuchosha mno, nasema kweli. Tulikuwa tunapokezana, mmoja anafungua, mwingine anapiga.

Na hapo ndipo huduma hii ilipotupa kitu ambacho hakimo kwenye bei. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipitia Biblia ya Mama ukurasa kwa ukurasa. Alipokuwa hai isingewezekana, ilikuwa mali yake kama miwani yake.

Siku ya mazishi ilisomwa Mithali 31, mke mwema, thamani yake kuliko marijani, na kila aliyesimama kuzungumza alimfananisha naye. Tulipoufikia ukurasa ule ulikuwa mweupe. Hakuna herufi, hakuna tarehe, hata alama ya kidole hakuna. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Tukarudi kwenye Zaburi kutazama yale mafungu mawili yaliyotoka, na chanzo cha kutoka kwake kikaonekana: Zaburi ya 88. Ni zaburi ya kilio, na tofauti na nyingi za namna hiyo haigeuki kuwa sifa ikifika mwisho, inaishia gizani. Pembezoni mwake pamejaa tarehe, nyingi za mwaka aliofariki baba na ule uliofuata. Vema hakuna hata moja.

Kwenye mazishi yale yale tuliambiwa, na sisi wenyewe tukarudia, kwamba Mama hakutetereka baba alipoondoka. Kila siku alikuwa kanisani na kwaya hakuiacha. Nisingesema walidanganya, alikuwepo kweli. Ila mtu huyo mwenye imani isiyotetereka alikuwa anarudi nyumbani, anafungua zaburi nyeusi kuliko zote na kuisoma mpaka mshono ukakatika. Mimi ambaye si mwenda kanisani sana nilimwelewa Mama zaidi kwa ukurasa ule kuliko kwa hotuba zote za siku ile. Kaka alisema ule ukurasa tusimwonyeshe mtu. Picha yake ipo, hatujamwonyesha mtu, na naandika habari zake hapa kwa ruhusa yake, baada ya mabishano.

Kuna ukurasa mwingine. Isaya 54, mstari wa 13, ule unaosema watoto wako wote watafundishwa na Bwana. Kando yake kuna herufi tatu za majina yetu, zikifuatana kwa kuzaliwa. Ya kaka ina tarehe moja na vema. Ya dada ina tarehe mbili na vema. Yangu ina tarehe nyingi, zimeanza karibu na maandishi na kusogea kuelekea nje, wino mwekundu wa aina mbalimbali, mwandiko ukizidi kutetemeka, mpaka ya mwisho ambayo imekaa ukingoni kabisa. Haina vema. Dada aliipiga picha, akafungua ukurasa uliofuata, wala hakuna aliyesema neno. Hiyo tarehe ya ukingoni ndiyo ambayo mashine ya duka la kwanza ingeichukua, na nisingejua kamwe kwamba ilikuwepo.

Sasa kazi yenyewe, maana najua wapo wanaosubiri hilo.

Selotepu ilitolewa kwa joto dogo na subira kubwa, kipande kwa kipande, kisha masalia ya gundi yakafutwa kwa dawa. Doa la kahawia limebaki, halitoki, na fundi alisema hivyo tangu mwanzo: gundi ya selotepu ikishazama ndani ya karatasi huwa imekuwa sehemu yake. Kama unayo Biblia ya mzazi inayoanza kuchanika, tafadhali usiisaidie kwa selotepu. Na usiwape watu wa vyeti wakupigie lamineshani kurasa zilizotoka. Plastiki ikishagandishwa kwa moto haibanduki tena bila kuondoka na maandishi.

Michaniko iliunganishwa kwa karatasi ya Kijapani, nyembamba kiasi cha kuona kidole chako upande wa pili, inayotengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la mti. Gundi yake ni wanga wa ngano uliopikwa. Nilimwuliza mzee kwa nini anatumia uji wakati gundi za kisasa zimejaa. Akasema wanga unalainika kwa maji: akija fundi mwingine huko mbele mwenye akili kuliko yeye, ataweza kuifungua kazi hii bila kukiumiza kitabu. Nimefanya kazi na mafundi wa kila aina katika nyumba yangu na sijapata kumsikia hata mmoja akimfikiria atakayekuja kurekebisha baada yake.

Kabla ya kugusa unyevu wowote, yule msichana alipima wino wa Mama kwa brashi yenye unyevu kidogo, kila aina ya wino mara moja, sehemu isiyo na maana. Wino wa kalamu za kawaida una mafuta, haukutembea. Lakini kuna mwaka Mama alitumia kalamu ya wino wa maji, na huo ulianza kukimbia mara tu ulipoguswa. Kurasa za mwaka huo zimetengenezwa karibu kavu kabisa. Zinaonekana, ukijua pa kutazama, hazikunyooka kama nyingine. Afadhali hivyo.

Kushona ni kwa uzi wa kitani uliopitishwa kwenye nta, kwa kutumia matundu yale yale ya zamani kila ilipowezekana. Mgongo umevishwa kitambaa cha pamba, halafu ngozi ya mbuzi nyeusi, na juu ya ngozi ile pamebandikwa mgongo wa zamani. Yaani ukiishika unashika jalada la Mama, lenye ile sehemu ya kulia iliyolainika kwa kidole gumba chake. Nguvu yote imefichwa chini.

Mambo aliyoyakataa ni mengi kuliko aliyoyafanya, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kuu. Kaka alirudi na ombi la herufi za dhahabu. Mzee alisema plastiki ile ya zamani haitazishika, zitabanduka, na hataki kupiga kazi ya kubanduka. Shangazi, ambaye alikuja siku moja kutazama, alimwomba asafishe kona za chini za kurasa zilizokuwa zimefanya weusi kwa jasho la mikono. Mzee akatutazama sisi watatu, akauliza tu, "Nisafishe?" Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema aache.

Palikuwa pia na karatasi zilizokuwa zinaishi ndani ya kitabu: vipande vya magazeti, barua, kadi ya kliniki, picha za wajukuu, majina ya wagonjwa wa kuombewa yaliyoandikwa nyuma ya kalenda. Kaka alitaka zirudi kila moja mahali pake. Mzee alikataa kwa sababu mbili. Unene wa karatasi hizo ndio ulioanza kuuvunja mgongo. Na gazeti huchapwa kwenye karatasi ya rojo la mbao yenye tindikali inayohamia jirani. Alitufungulia Waraka kwa Warumi akatuonyesha kivuli cha kahawia chenye umbo kamili la kipande cha gazeti. Sasa kila karatasi iko kwenye bahasha yake, imeandikwa kwa kalamu ya risasi ilikotoka, na zote zimo kwenye trei ya chini ya boksi, maana mwishowe nalo tulilichukua. Ubishi wa kaka uliisha alipoona kwamba bahasha zimepangwa kwa mfuatano wa vitabu vya Biblia.

Kurasa za mwisho za Ufunuo ndizo zilizotugawa kweli. Mzee alisema anaweza kuzitafuta kutoka nakala nyingine ya chapa ile ile na kuzishona mwishoni. Mimi nilitaka zirudishwe: kitabu ni cha kusomwa, msomaji ni msichana mdogo, na yeye mwisho haujui. Kaka na dada walitaka libaki pengo la Mama. Nilishindwa kwa kura na bado naona niko sahihi.

Kasoro, basi. Utepe wa kuwekea alama ni mfupi. Ukifungua Zaburi ncha yake haionekani chini, na ni kosa la kushangaza kwa mtu makini namna ile. Ngozi mpya inayochungulia pembeni mwa mgongo ni nyeusi mno kando ya jalada lililopauka, jicho linakwenda pale kwanza. Kitabu kimenenepa kidogo kwa sababu ya marekebisho ya Zaburi, na boksi, ambalo lilipimwa kabla, linakibana. Kukitoa unahitaji mikono yote miwili. Mwanzo na Ufunuo bado vinafunguka kwa ugumu, ingawa katikati kinalala vizuri kabisa. Kisha ucheleweshaji. Tarehe tuliyopewa ilipita, ikapita na nyingine, na hakupiga simu. Kila mara ni sisi tuliopiga. Alipopokea alieleza kwa upole na kwa kweli kabisa kwa nini, lakini mtu aliyemwachia fundi kitu ambacho hakina nakala duniani hapaswi kuwa ndiye anayepiga.

Ile kubwa ni harufu. Biblia ya Mama ilikuwa na harufu ya mafuta yake ya mikono na ya kafuri ya kabati alimoitunzia. Fundi alituambia siku ya kwanza, bila kuulizwa, kwamba kitabu kikifunguliwa, kikapanguswa na kuvishwa vitu vipya, harufu haitarudi, na kwamba kama harufu ndiyo tunayoitaka tuondoke nacho sasa hivi. Tulikubali. Tulipokichukua dada alikifungua, akakinusa, akakifunga, akasema kinanuka gundi. Tangu hapo ile ya gundi nayo imepungua na hakuna kilichoingia mahali pake. Siwezi kumkata alama mtu kwa jambo aliloliweka wazi, lakini nisipoliandika nitakuwa nimewadanganya. Kama mlichobakiwa nacho ni harufu, msimpelekee yeyote. Kifungieni ndani ya kitu kisichopitisha hewa, na hata hivyo kitapoteza kidogo kidogo.

Kuhusu bei nitasema tu kwamba kwa gharama ya kazi hii mngeweza kununua Biblia mpya kwa ukoo mzima na chenji ikabaki. Kama kitabu cha mzazi wenu hakina maandishi, alama wala historia, ila kimechakaa tu, nunueni kingine, na kile cha zamani kiwekeni mahali pakavu pasipo na jua. Unyevu ndio adui mkubwa kuliko mchwa. Hewa ikizidi asilimia 65 ya unyevu kwa muda mrefu ukungu unaanza, na ukungu haujali kitabu ni kitakatifu. Kazi ya namna hii inawafaa wale ambao kitabu kwao ni mwandiko wa mtu. Na mkienda, andikeni kwenye risiti maneno haya: kingo zisikatwe, jalada la zamani lirudi, kisifutwe chochote bila kuuliza. Fundi mzuri hatakasirika. Wetu alisaini kabla hatujamaliza kueleza.

Boksi limekaa kwa dada. Binti yake ameanza kukisoma, kwa bidii ya kubahatisha kama watoto wote, na juzi aliuliza kama anaruhusiwa kuandika humo. Kaka akasema haiwezekani. Dada akasema kwa nini isiwezekane, mwenyewe aliandika. Nikampigia mzee. Akajibu: kalamu ya risasi, iliyo laini, asikandamize, na ajifunze kwanza kuandika herufi ndogo kwa sababu nafasi iliyobaki ni chache. Akasema pia tumletee lile boksi alilegeze, bila malipo, na utepe atabadilisha. Tarehe aliyotupa ni ya mwisho wa mwezi ujao. Sisi tumeandika mwezi unaofuata huo.